Wenye Ardhi Washike Kalamu: Mhadhara juu ya Umeme Safi, Lubumbashi

Wazee wetu wa mila, ndugu zetu Batwa, wenyeji wa asili wa misitu, mliosafiri kutoka mkoa wetu wa Tanganyika, wanafunzi, na ninyi mama mlioacha meza zenu sokoni mchana huu: jambo yenu nyote. Asanteni kwa kuja.

Mada niliyopewa ni uongozi wa wenyeji wa asili wakati dunia inahama kutoka mafuta kwenda nishati safi. Ningeweza kuanza na mikutano ya kimataifa. Nitaanza na nguzo, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa mkiziona.

Mwaka 1982 laini ya kutoka bwawa la Inga ilianza kuleta umeme Kolwezi, mji wa migodi. Ni nyaya za takriban kilomita 1,700, kutoka Mto Kongo hadi kwenye shaba ya Katanga. Umeme unaopita humo ni wa mkondo mmoja wenye nguvu kubwa mno, na huwezi kuukata njiani ukaushusha mpaka nyumbani kwa mtu. Unahitaji kituo kikubwa cha kuubadilisha, na vituo hivyo vilijengwa viwili: kimoja Inga, kimoja Kolwezi. Katikati hakuna. Vijiji vyote vilivyo kati ya miisho hiyo viliachiwa nyaya juu ya mashamba na giza ndani ya nyumba. Hilo halikuwa kosa la mafundi. Mafundi walijenga walichoagizwa, na aliyeagiza alikuwa na mgodi kichwani.

Na kabla ya hapo? Bwawa la umeme la Mwadingusha lilijengwa mwaka 1930, maji ya mto Lufira yakafunika bonde, tukapata ziwa la Tshangalele. Zikafuata Koni, Nzilo na Nseke. Mitambo yote hiyo iliwekwa kwa ajili ya viwanda vya Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni wa Kibelgiji. Sasa fikirini: umeme wa maji hautoi moshi. Kwa vipimo vya leo, Katanga imekuwa na nishati safi kwa karibu miaka mia moja. Lakini katika Kongo nzima ni kama mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na vijijini ni nadra kabisa. Umeme unaweza kuwa safi hewani ukawa na dhuluma ardhini. Ndiyo maana siridhiki mtu anaponiambia mradi wake ni mzuri kwa sababu ni wa jua au wa maji. Namuuliza ardhi ni ya nani, na nani aliandika mkataba.

Swali hilo linatuhusu zaidi sasa kuliko wakati wowote. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu. Magari ya umeme yanaitaka kwenye betri zake, shaba inatakiwa kwenye kila waya, na litiamu ya Manono, kule Tanganyika, imekuwa ikigombaniwa na kampuni za madini. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikagua maelfu ya miradi ya madini ya aina hii duniani, ukakuta asilimia 54 iko juu ya ardhi ya wenyeji wa asili au karibu nayo. Kwa hiyo tunayozungumza hapa yanazungumzwa pia Chile, Australia na Ufilipino.

Niwapeleke mbali kidogo, Kanada, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario. Huko kuna jamii za wenyeji wa asili zinazoishi mahali pasipo na barabara ya kudumu. Kwa miaka mingi umeme wao ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Mafuta yaliletwa kwa ndege, au kwa barabara inayopitika wakati wa baridi tu, maziwa yanapoganda. Jenereta ikifika mwisho wa nguvu yake, basi. Nyumba mpya haiunganishwi, na shule haiongezi darasa. Mji unakua, umeme haukui. Watu wa Ruashi na Katuba, nadhani hamhitaji maelezo zaidi, delestaji, yaani mgao wa umeme, mnaijua.

Viongozi wa jamii hizo walikaa pamoja. Sasa sikilizeni walichofanya, maana hapa ndipo penye somo. Hawakuandika barua ya kuomba laini. Waliunda kampuni yao, Wataynikaneyap Power. Mataifa 24 ya wenyeji yana asilimia 51 ya hisa, na asilimia 49 iko kwa wabia wao, ikiwemo kampuni ya umeme ya Fortis. Laini yao ina urefu wa kilomita 1,800 hivi na imejengwa kufikia jamii 17. Pikangikum ilikuwa ya kwanza kuunganishwa, Desemba 2018. Fedha walipata wapi? Serikali ya shirikisho na serikali ya jimbo ziliweka ruzuku na mikopo. Lakini wenye kampuni ni wao, na maamuzi makubwa hayapiti bila kura yao.

Mfano mwingine ni mdogo, nao naupenda zaidi. Old Crow ni kijiji cha watu wa Vuntut Gwitchin, huko Yukon, Kanada hiyohiyo, juu ya mstari wa Aktiki. Unafika kwa ndege. Wakati wa kiangazi jua halizami, linazunguka. Wakati wa baridi kali halichomozi. Mtu wa mbali angesema umeme wa jua hapo ni upuuzi. Wenyewe wanalijua jua lao kuliko mtu wa mbali, wakajenga mtambo wa kilowati 940, ukaanza kazi mwaka 2021. Majira ya jua, jenereta za dizeli huzimwa. Na mtambo ni mali ya jamii: kampuni ya umeme inanunua umeme kutoka kwao kwa mkataba wa miaka 25. Zamani pesa ilikuwa inatoka kijijini kununua mafuta. Sasa kuna inayoingia.

Msije mkadhani Kanada iliwapa haya kwa moyo mweupe. Mwaka 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio la haki za wenyeji wa asili, Kanada ilikuwa kati ya nchi nne zilizopiga kura ya kulipinga. Ilikuja kulikubali baadaye. Watu walipigania, mahakamani na barabarani, miaka na miaka.

Na pasipo uongozi wa wenye ardhi, hata upepo unaleta kesi. Jirani zetu Wakenya wana mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, kazi ya kutazamwa. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha utaratibu, kwa sababu wafugaji wenye ardhi ya pamoja hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ya Norwei iliamua kwamba mitambo ya upepo ya Fosen imevunja haki za Wasami, wenyeji wa asili wa huko, wanaofuga kulungu wa baridi. Katika kesi zote mbili mitambo ilikuwa imeshasimama na inazunguka. Mwekezaji aliyeona kumuuliza mchungaji ni kupoteza muda alikuja kupoteza muda mwingi zaidi.

Turudi nyumbani.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Iliahidi kwamba amri ya rais itakuja kueleza haki za watu wanaoishi juu ya ardhi ya mila. Amri hiyo haikutoka. Huo ndio msumari ambao kila mwanakijiji anaukanyaga anapodai shamba lake. Hata hivyo Katiba, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, ya mtu mmoja au ya pamoja. Tangu 2014 jamii inaweza kuomba msitu wake kwa jina lake, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha miaka. Mwaka huohuo sheria ya umeme ilifungua mlango kwa wazalishaji wengine mbali na SNEL, shirika la umeme la serikali. Na tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa saini sheria ya kulinda na kuendeleza haki za Batwa na jamii ndugu zao, inayotambua haki yao juu ya ardhi na mali asili wanazomiliki au kutumia kwa desturi.

Halafu kuna kodeksi, yaani sheria kuu, ya madini iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018. Hapa naomba wanafunzi mtoe kalamu. Kobalti imetangazwa kuwa madini ya kimkakati, kwa hiyo mrabaha wake ni asilimia 10 ya thamani ya mauzo. Katika mrabaha huo, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 mkoani, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 inabaki kwa utawala wa mahali mgodi ulipo: usultani (eneo la sultani, yaani chifu wa mila), sekta au komini. Kampuni ikiuza kobalti ya dola milioni 100, mrabaha ni milioni 10, na usultani unapaswa kupata milioni moja na nusu. Zaidi ya hapo kuna asilimia 0.3 ya mauzo yote ya kampuni, dola 300,000 katika hesabu yetu, inayotengwa kwa miradi ya jamii. Na kuna daftari la majukumu, ambamo kampuni inaandika itakalofanyia vijiji kwa miaka mitano.

Pesa hizi ni mtaji. Tatizo ni kwamba tunazipokea kama zawadi. Visima, jengo la zahanati, mipira ya vijana. Vitu vizuri, sivikatai. Lakini ni wangapi kati ya wasultani waliopo hapa wamewahi kuuliza: hii asilimia 15 ya miaka mitatu, tukiiweka pamoja na usultani jirani, haiwezi kutununulia hisa katika mtambo mdogo wa maji? Mito tunayo. Maporomoko tunayo. Shaba ya nyaya inatoka chini ya miguu yetu, na babu zetu Basanga waliyeyusha shaba hii na kuitengeneza misalaba ya biashara kabla Union Minière haijazaliwa.

Najua mnachosema moyoni. Mnasema: pesa itafika kwa sultani, na sultani ataila. Nimelisikia kila nilipozungumza, na sitalipuuza mbele ya wasultani wenyewe. Wazee wangu, heshima zenu ziko palepale, lakini pesa ya mrabaha si ya nyumba ya sultani. Ibandikwe ukutani: imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, nani ametia saini. Anayetaka jamii iwe mbia wa mtambo wa umeme aanze na karatasi hiyo moja ukutani, maana benki nayo itaiuliza.

Sasa nageukia upande wa ndugu zetu Batwa, na hapa nasema kwa uchungu. Hesabu yote niliyofanya inapita mlango wa usultani. Na katika sehemu nyingi Batwa hawana usultani wao unaotambuliwa. Wanahesabiwa ndani ya kijiji cha mwingine. Tanganyika tumeona damu kati ya Batwa na Waluba, na kati ya madai ya Batwa lilikuwamo hilo la kuwa na viongozi wao wanaotambuliwa. Litiamu ikianza kutoka Manono kwa wingi, asilimia 15 itaingia, na watu waliokuwa msituni kabla ya wote watasimama uani wakisubiri kuitwa.

Mnajua pia jinsi mikutano ya mashauriano inavyoendeshwa. Hema linafungwa, viti vya plastiki vinapangwa, soda zinagawiwa. Mtu wa kampuni anaeleza kwa Kifaransa, mwingine anatafsiri nusu. Kisha inapitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mmoja anaweka jina au dole gumba ili apate nauli. Baada ya miezi karatasi ileile inaonekana ndani ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii imekubali. Mama wa Kitwa aliyeweka dole gumba alidhani anakiri kwamba amefika. Nawaomba vijana wa sheria mlio hapa: hilo mlikatae popote mtakapolikuta. Mahudhurio yawe na karatasi yake, ridhaa iwe na yake, isomwe kwa lugha ya wenyewe, na watu wapewe siku za kurudi kijijini kulijadili wenyewe kwa wenyewe kabla ya kuweka dole.

Mama mmoja alinisimamisha mlangoni nikiingia, akaniuliza kama leo nitazungumza pia juu ya makala, yaani mkaa wa kupikia. Ndiyo, mama. Baiskeli zinazoingia Lubumbashi alfajiri na magunia yaliyofungwa hadi juu ya kichwa cha msukumaji, hizo ndizo nishati halisi ya mji huu. Bukari yetu, yaani ugali, inapikwa kwenye mbabula, jiko la mkaa. Miombo inaisha, kila mwaka mkata makala anakwenda mbali zaidi, na bei inampanda mnunuzi. Hakuna atakayemwambia mama azime mbabula wakati umeme unakuja saa sita usiku. Lakini jamii yenye hati ya msitu wake ina nguvu ya kupanga: hapa tunakata, hapa tunaacha miti irudi, hapa hakuna panga. Hiyo nayo ni siasa ya nishati, na wanaoiweza ni wenye msitu kabla ya wizara yoyote.

Nimalizie na ninachoomba. Migodi kadhaa itaandika upya daftari zake za majukumu, kwa kuwa miaka mitano inakwisha. Wasultani mlio hapa, kabla ya kukaa mezani na kampuni, kaeni ninyi kwa ninyi. Mwingie na ombi moja la pamoja juu ya umeme: hisa, au laini ya kushusha umeme vijijini kwenye kila nguzo mpya. Mchukue mwanasheria na fundi wa umeme, vijana wetu wamesoma na wengi hawana kazi. Na katika kamati inayosimamia ile asilimia 0.3, Batwa wakae kwa jina lao, mwanamume na mwanamke, wakiwa wamechaguliwa na wenzao.

Nimeachiwa nusu saa ya maswali. Naomba tuanze na wageni wetu wa Tanganyika, wao ndio wenye safari ndefu. Karibu, mzee, kipaza sauti kinakuja.