Mtori bila kitunguu: ninavyokula nikiwa kwenye dayati ya salfa kidogo

Haya wapendwa, karibuni tena jikoni. Leo niko Moshi huku kwetu Majengo, mpwa wangu ndo kashika simu kwa hiyo picha ikitikisika mjue ni yeye, sio tetemeko. Napika mtori, mtori kabisa wa ndizi mshare na mifupa, ila hauna kitunguu maji, hauna saumu, hauna maziwa, na kabla hujasema huo ni mtori wa hospitali nisubiri kidogo, maana hata mi miezi minne iliyopita nilikuwa nasema hivohivo.

Tumbo langu lilikuwa linajaa kila nikila, alafu gesi inayotoka, mniwie radhi mnaokula, inanuka yai viza. Sio siku moja, kila siku. Kwenye daladala nilikuwa nagombania dirisha. Daktari akapima akaondoa hili na lile, mwishowe mtaalamu wa lishe akanipa karatasi akasema tujaribu kupunguza salfa, kwa sababu ile harufu ni gesi ya haidrojeni salfaidi, bakteria wa utumboni wanaitengeneza wakipata salfa ya kuchezea. Kusoma karatasi nakuta wamekata vitunguu vyote, kabichi, sukuma wiki, mayai, maziwa, maharage, na chini kabisa kahawa. Kahawa jamani! Mi mtoto wa Old Moshi, mibuni iko nyuma ya nyumba toka nazaliwa. Nikaja kujua baadaye kwamba ile harufu ya kahawa ikishakaangwa, sehemu yake kubwa inatokana na kiungo chenye salfa ndani, basi nikanyamaza nikaanza kunywa mchaichai.

Kabla sijawasha jiko kuna kitu mnakichanganya sana. Aleji ya dawa za salfa, zile Septrini na Fansidar, ni habari nyingine kabisa. Wengi wetu neno salfa tulilijulia mwaka 2001 pale SP, yaani hiyo dawa ya kwenye Fansidar, ilipofanywa dawa ya kwanza ya malaria nchini, mtu akimeza akatoka malengelenge anaambiwa una aleji ya salfa, na mpaka leo kuna mtu anaogopa kitunguu kwa sababu hiyo. Hapana. Mwili wake unaikataa dawa ilivyoundwa, sio salfa kama salfa. Salfa yenyewe huwezi kuikimbia, iko kwenye nywele, iko kwenye kucha, na kuna asidi ya amino, yale matofali yanayojenga protini, inaitwa methionini yenye salfa ndani ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, lazima uile. Kwa hiyo hapa tunapunguza, hatufuti. Na kama una mtoto amezaliwa na ugonjwa wa homosistinuria, ule ambao mwili unashindwa kuitumia methionini vizuri, huyo methionini yake anapimiwa na hospitali, tafadhali usimpikie kwa video yangu. Wajawazito nao na wenye dawa za kila siku, ongeeni na daktari kwanza.

Haya, hatua ya kwanza ni sokoni, na hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu wanabeba majina badala ya kubeba ukoo. Asubuhi nimepita Mbuyuni. Mboga za ukoo wa kabichi zote zina salfa yake ile inayoleta ukali, na ukoo wenyewe mkubwa: kabichi, sukuma, chainizi, figiri, brokoli, koliflawa, na ile loshuu mnayoipenda watu wa Arusha. Ndo maana ukichemsha kabichi muda mrefu nyumba nzima inanuka. Sasa mwenye kujua atasema basi mi nitatumia mlonge, ni dawa. Mlonge mama yangu ni ndugu wa mbali wa kabichi, ukali wake ni uleule, utaukimbia moto uingie kwenye jivu. Mi nimechukua majani ya maboga na matembele, nikaongeza karoti, boga, nyanya, hoho, tango, parachichi, tangawizi, selari na ndimu. Wanga haunipi shida, ndizi, wali, viazi, mihogo, vyote nakula.

Nyama je? Hapa orodha zinagombana na mi sitaki kuwadanganya. Nyingine zinaangalia salfa ya vitunguu na kabichi tu, zinakuachia nyama. Nyingine zinahesabu na ile ya kwenye protini, wanakupunguzia. Maharage ndo kichekesho, methionini yake ni ndogo kuliko ya nyama lakini orodha nyingi zinayakata. Mtaalamu wangu alinipa njia ya katikati, nyama ipo ila kwa kipimo. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku, na gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyoiva zina kama 25 hivi, zingine zinajazwa na wali, ndizi, viazi na kadhalika. Yaani kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole mchana, na kingine kidogo usiku, basi. Usije ukakata kila kitu ukabaki na ndizi tupu, nilijaribu wiki ya kwanza nikawa napanda ngazi napumzika katikati.

Hatua ya pili, nyama. Nina nusu kilo ya kidari chenye mifupa, naiosha, natia sufuriani na maji lita mbili, chumvi kijiko kimoja cha chai, kipande cha tangawizi nimekiponda, na mabua mawili ya selari mazima. Inachemka taratibu saa moja na nusu, lile povu la juu litoe na upawa. Usiweke viungo vya pakiti wala vidonge vya supu, geuza pakiti usome, nyingi zina unga wa kitunguu au wa saumu ndani. Ukishaigeuza angalia na namba kuanzia E220 mpaka E228, hizo ni salfaiti, zinawekwa kuhifadhi matunda makavu, mvinyo, na juisi nyingine. Kuna watu wenye pumu zinawabana kifua kabisa.

Sasa hatua ya tatu ndo sababu ya video hii, rosti bila kitunguu. Jamani sisi tumefundishwa kupika kwa kuanzia kitunguu, ukimwambia mtu asiweke anasimama na mwiko hewani hajui aanzie wapi. Mi nilisimama hivo siku tatu. Mpaka nikajiuliza, kitunguu kinanifanyia nini hasa? Kinaleta utamu, na kinaleta ule uzito wa mchuzi. Harufu yake kali inazaliwa kwenye kisu, saumu nzima haijakatwa haina harufu kubwa, ukiiponda ndo kimeng'enya kinakutana na kitu kinaitwa aliini kinageuka alisini, salfa hiyo inapaa puani. Basi harufu tutaitafuta kwingine, sisi tushughulike na utamu na uzito.

Chukua karoti mbili na boga ukubwa wa ngumi, kwaruza kwenye kile cha kukwaruzia vyote viwe laini. Selari bua moja katakata ndogo ndogo. Mafuta vijiko viwili vya chakula kwenye kikaango, moto mdogo, nasema tena moto mdogo, mpwa wangu sogeza kamera waone huu moto. Tia karoti, boga na selari pamoja, nyunyiza chumvi kidogo ili vitoe maji, geuza geuza dakika kumi na tano mpaka ishirini. Ukiharakisha vitaungua nje na utamu hautatoka. Unaona rangi inageuka? Inaelekea kahawia, boga linayeyuka, hapo ndo unaweka binzari nyembamba nusu kijiko cha chai na manjano kidogo, zikaangike kidogo tu. Alafu nyanya mbili umezimenya umezikatakata, na hoho nusu. Acha iive mpaka mafuta yajitenge pembeni. Onja. Ile siku nilipata hii mama mkwe wangu wa Marangu alikuwa amekuja, akala mtori bakuli zima, alafu akaniuliza vitunguu umeweka vingapi mbona vimeyeyuka vizuri hivi. Sikumjibu.

Mtu mmoja aliniambia nitumie mvuje, ule utomvu mkavu wa mmea wenye harufu kali, kwamba Wahindi Wajaini hawali vitunguu wala saumu kwa sababu ya dini na baadhi ya Wahindi wasiokula vitunguu wanaweka mvuje ukafanana kabisa. Ni kweli unafanana. Sasa unafanana kwa nini? Kwa sababu harufu ya mvuje nayo ni salfa, ule ule mvuje ambao watu wa pwani wanawafungia watoto wachanga kufukuza mambo. Kwa mtu anayekwepa saumu kwa dini sawa, kwa sisi wa tumbo, hapana.

Hatua ya nne ndizi. Mshare kumi na mbili, paka mafuta mikononi kabla hujamenya la sivyo utomvu utakugandia siku mbili, menya tumbukiza kwenye maji zisibadilike rangi. Toa nyama kwenye supu weka pembeni, supu ichuje, tia ndizi humo humo kwenye supu zichemke dakika ishirini na tano mpaka zivunjike. Ponda. Mi natumia mwiko, ukiwa na kipekecho au blenda ya mkono tumia, ila blenda usiizidishe utapata gundi. Chambua nyama, nyofoa kwenye mifupa, irudishe, mwaga rosti yote, koroga, dakika kumi moto mdogo. Kama ni mzito ongeza maji ya moto.

Watu wa huku tunapenda kumalizia na maziwa au siagi. Maziwa mi siweki, ila samli kijiko kimoja naweka, samli ni karibu mafuta matupu, ile protini yenye salfa imebaki kwenye machicha wakati wa kuchemsha. Mwisho kabisa ndimu nusu na giligilani juu. Ndimu usiikose, ndo inayoziba lile pengo la kitunguu mdomoni.

Pembeni nina matembele nimeyachemsha dakika tano nikamwaga maji, nikaunga na nyanya na nazi kidogo. Na kachumbari ya tango, nyanya, parachichi na ndimu, hiyo haina maelezo.

Kula nje kunawezekana, msijifungie. Kwenye nyama choma omba chumvi na ndimu tu, ndizi za kuchoma, kachumbari mwambie kijana asitie kitunguu na usimame umwangalie kwa sababu mkono wake umezoea. Chipsi kavu badala ya chipsi mayai. Kwenye kipaimara mi nakula nyumbani kwanza alafu naenda na sahani ya wali na mbuzi choma, hamna anayejua.

Na hii kitu sio ya maisha. Mi nilikaza wiki mbili, tumbo likatulia siku ya sita, alafu nikaanza kurudisha kimoja kimoja, siku tatu tatu, naandika kwenye daftari. Mayai yalirudi bila shida. Maharage nusu kikombe sawa, kikombe kizima dirisha la daladala. Kabichi nikiichemsha nikamwaga maji nastahimili. Saumu bado, nilijaribu punje moja Jumapili nikajuta Jumatatu. Kama baada ya wiki mbili hujaona tofauti yoyote basi tatizo lako sio salfa, acha kujitesa, rudi kwa daktari atafute kwingine.

Kahawa? Kikombe kimoja, Jumamosi asubuhi, na simwambii mtu.

Haya huu hapa umeiva, tazameni ulivyo mzito. Mpwa wangu weka simu chini chukua bakuli, mtori ukipoa unaganda.