Vigae vya Shum Laka

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tuzungumzie pango la Shum Laka, karibu na mji wa Bamenda, nyanda za juu za Kameruni. Watu walilitumia kwa vipindi tangu miaka 30,000 hivi iliyopita.

Kwa sehemu kubwa ya muda huo walitengeneza zana ndogo za kwatzi, aina ya jiwe gumu. Baadhi ni ndogo kiasi kwamba hazishikiki vizuri kwa vidole. Mtu alizipachika kwenye mpini ndipo zikafanya kazi. Miaka 7,000 hivi iliyopita yanatokea mawe ya namna nyingine: zana nzito za basalti, yaani jiwe la volkano, zilizochongwa pande zote mbili. Baadhi zimebonyea katikati, pale pa kufungia mpini, hata wataalamu huziita shoka-jembe. Vigae vya vyungu vinaonekana pamoja nazo. Ukikishika kigae cha aina hiyo unaona safu za nukta: mfinyanzi alikandamiza kitu chenye meno kwenye udongo mbichi, na alama zake zipo mpaka leo. Zana za kwatzi nazo hazikutupwa. Ziliendelea kutengenezwa miaka elfu kadhaa sambamba na vyungu, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko vyungu vyenyewe.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya kufuatilia habari hii. Wanaisimu huweka chimbuko la lugha za Kibantu kwenye eneo hilohilo la mpaka wa Nijeria na Kameruni. Mwanaakiolojia Pierre de Maret na wenzake walipochimba pale katika miaka ya 1980 na 1990, ilikuwa rahisi kudhani kwamba waliozikwa pangoni ni mababu zetu. Mwaka 2020 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya watoto 4: wawili walifariki miaka 8,000 hivi iliyopita, wawili miaka 3,000 hivi. Wote walikuwa karibu zaidi na jamii za wawindaji wa Afrika ya Kati magharibi kuliko na Wabantu wa leo.

Tazameni tarehe hizo. Wale wawili wa mwisho walizikwa wakati vyungu vimeshajulikana hapo kwa miaka 4,000. Kwa hiyo mtu akiwaonyesha kigae cha Shum Laka na kuwaambia ni cha Mbantu, mwombeni ushahidi mwingine. Kigae kinatuonyesha mikono ya mfinyanzi. Lugha aliyozungumza hakituambii.