Miguu Kwanza: Mhadhara kwa Wapanda Farasi wa Nyanda za Juu Kusini

Mhadhara huu ulitolewa Mafinga, mkoani Iringa, mbele ya vijana wanaojifunza kuruka viunzi, masaisi wao (watunza farasi) na wazazi.

Kamwene! Na ndugu zetu mliotoka Mbeya na Tukuyu, mugonile. Wazazi wetu, shikamooni. Walioko nyuma naomba msogee, maana kuna mambo nitayachora chini kwa fimbo.

Nimeombwa nizungumzie mkao wa mpanda farasi anaporuka kiunzi. Nina jambo moja kubwa la kusema: makosa mengi tunayoyaona mikononi, mgongoni na kichwani yameanzia miguuni. Kijana anavuta hatamu juu ya kiunzi, sisi tunampigia kelele, "Achia mikono!" Anaachia. Kiunzi kinachofuata anavuta tena. Kusikia amesikia. Ila miguu yake imeteleza nyuma, hana pa kusimamia, basi mikono inatafuta pa kushika, na kilicho karibu ni mdomo wa farasi. Ukimkemea mikono mwaka mzima bila kugusa miguu, mtachoka wote watatu: wewe, yeye na farasi.

Tuanze na farasi, kwa kuwa ndiye anayeruka. Akikikaribia kiunzi anashusha shingo na kufupisha hatua ya mwisho. Miguu ya mbele inasukuma ardhi ili kifua kinyanyuke, halafu ile miwili ya nyuma inaingia chini ya tumbo na kusukuma kwa pamoja. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Hewani shingo inanyooka kwenda mbele na chini, mgongo unapinda, magoti yanakunjwa. Anatua kwa mguu mmoja wa mbele, mara wa pili unafuata, na ya nyuma inaingia nyuma yake. Masaisi mnaokanda miguu hii kila jioni mnajua kwamba farasi hana mtulinga kama sisi: miguu ya mbele imeshikana na kiwiliwili kwa misuli na kano tu. Mnyama wa kilo 450 au 500 anatua juu ya mguu mmoja, na wewe uko mgongoni. Ukimdondokea kwenye tandiko kabla hajamaliza, au ukamvuta lijamu, kile chuma cha mdomoni, wakati shingo inataka kunyooka, unamwumiza. Atainua kichwa, mgongo utabonyea, miguu itaning'inia na kugonga nguzo ya kiunzi. Akiumia vya kutosha atakataa kuruka, kisha tutasema farasi huyu ni mkaidi.

Kuna Mwitaliano mmoja ambaye wote tunaopanda kwa vikuku vifupi, vile vyuma vya kuwekea miguu, tunatembea katika njia yake. Anaitwa Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la wapanda farasi, aliyezaliwa Livorno mwaka 1868. Wakati wake majeshi ya Ulaya yalifundisha kuruka kwa vikuku virefu, miguu ikisukumwa mbele, mwili ukilazwa nyuma, hatamu zimekazwa. Waliamini kwamba wakilala nyuma wanaipunguzia mzigo miguu ya mbele. Caprilli akawaachia farasi waruke bila mtu mgongoni, akawatazama. Aliona farasi anatumia shingo yake yote na kwamba hutua kwa miguu ya mbele, upende usipende. Akafupisha vikuku, akaupeleka mwili mbele pamoja na farasi, akaziachia hatamu. Wakubwa zake hawakumpokea kwa shangwe. Lakini mwaka 1902, mjini Turin, aliruka mita 2.08, na baadaye jeshi la Italia likaufuata mfumo wake, kisha dunia nzima. Alifariki mwaka 1907 kwa kuanguka kutoka kwa farasi. Rekodi ya juu kabisa ya kuruka juu kwa farasi iliwekwa Chile tarehe 5 Februari 1949, Alberto Larraguibel akiwa juu ya farasi anayeitwa Huaso: mita 2.47. Mimi ninachokipenda zaidi ya hizo namba ni kwamba Caprilli aliacha kubishana na wenzake akaenda kumwuliza farasi.

Sasa miguu. Kikuku kikae kwenye sehemu pana ya unyayo, nyuma tu ya vidole. Kwa kuruka, kipandishe mashimo mawili hadi manne ya mkanda wake kutoka urefu unaotumia siku za kawaida, mpaka goti lipate kona. Kisigino kishuke chini ya kidole gumba, lakini kishushwe na uzito wako mwenyewe, usikisukume kwa nguvu. Ukikisukuma, kifundo kinakaza na mguu unakimbilia mbele. Shavu la mguu liguse ubavu wa farasi pale ukanda wa tandiko unapopita. Goti liwe limepumzika juu ya tandiko.

Hilo la goti naomba nilikalie kidogo. Wengi tuliambiwa, "Bana magoti usianguke." Ukibana goti, linakuwa egemeo. Chini yake mguu unabembea kwenda nyuma, juu yake kiwiliwili kinapinduka kwenda mbele. Ndiyo maana unamwona mtoto yuko hewani, visigino vimepanda juu ya mgongo wa farasi, uso umezama kwenye singa, yaani nywele za shingo ya farasi. Anadhani ameshika sana, kumbe hajashika kitu.

Ukitaka ushahidi, usiulize mtu. Wakati huu wa kiangazi vumbi letu jekundu linasema lenyewe. Mkishuka, tazama buti lako na tandiko. Kama ngozi ya tandiko imesuguliwa na kung'aa pale kwenye goti, na upande wa ndani wa buti umejaa vumbi halijaguswa, wewe unabana goti. Kama vumbi limefutika kwenye shavu la mguu na ubavuni mwa farasi kuna sehemu manyoya yamelala vizuri nyuma tu ya ukanda, mguu wako umekaa mahali pake. Saisi makini anaweza kumsoma mpandaji wake hivyo bila kumwona akiruka hata mara moja.

Mguu ukishakaa, viungo vitatu ndivyo vinavyopokea mishindo: kifundo, goti na nyonga. Mmewaona mama zetu wanaopanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Kichwa kimetulia, maji hayamwagiki, kazi yote iko vifundoni na magotini. Mwili wa mpanda farasi ufanye hivyo hivyo. Farasi anapanda na kushuka chini yako, wewe unakunjika na kukunjuka, kichwa na mabega vinabaki vimetulia.

Nyonga zinakunjwaje? Zirudi nyuma kidogo juu ya tandiko, kifua kishuke kuelekea singa, mgongo uwe umenyooka bila kukakamaa. Hapo uzito unabaki juu ya nyayo. Jiulize: farasi akiondolewa chini yangu sasa hivi, nitasimama kwa miguu yangu au nitaanguka kifudifudi? Ukiona jibu ni kifudifudi, umemwendea farasi mbele. Ukiona utakaa kitako, umebaki nyuma.

Kumwendea farasi mbele ni ugonjwa wa wenye hamu. Anaona kiunzi kinakuja, anajirusha kabla farasi hajanyanyuka, na uzito wote unaangukia mabega ambayo farasi alikuwa anataka kuyainua. Farasi mwema ataruka hivyo hivyo kwa taabu. Mwingine atasimama, na wewe utavuka kiunzi peke yako. Dawa yake ni kusubiri. Wewe usiruke. Farasi akinyanyuka, yeye mwenyewe ataifunga nyonga yako, kama umeiacha laini. Kimo chini ya nusu mita hakihitaji ufanye chochote zaidi ya kukaa kwenye mkao mwepesi, yaani makalio yameachana kidogo na tandiko, na kumwacha apite chini yako.

Mikono sasa, na hapa nitapita haraka. Kwa anayeanza, mikono miwili iende mbele juu ya shingo, karibu theluthi ya njia kuelekea masikioni, ibonyee kwenye shingo na kukaa hapo mpaka farasi atue. Shika na singa kabisa, singa hazimwumizi. Asiye na singa za kushika, saisi amfungie mkanda mwepesi shingoni. Ukishakuwa na mguu usiotikisika ndipo utajifunza kuufuata mdomo kwa mkono ulio huru.

Macho yaende mbali. Wakati wa kugeuka tafuta kiunzi, ukishakielekea sawasawa chagua kitu nyuma yake: mti wa msonobari, paa la banda, chochote. Anayetazama nguzo anainamisha kichwa, kichwa kinavuta bega, bega linaangusha mwili wote upande mmoja. Farasi naye, akifika karibu kabisa, haoni kilicho mbele tu ya paji lake na chini ya pua. Anaruka kwa kumbukumbu ya alichokiona hatua chache nyuma. Kwa hiyo mpe njia iliyonyooka na muda wa kutazama, usimkate kona mlangoni mwa kiunzi.

Nitachora vipimo. Hatua moja ya kanta, yaani mbio za wastani, kwa farasi wa kawaida ni kama mita 3.6. Kwa kiunzi cha karibu mita moja, anaruka akiwa kama mita 1.8 kabla yake na kutua kama mita 1.8 baada yake. Basi viunzi viwili vyenye hatua moja katikati viko karibu mita 7.3, hatua mbili, karibu 11. Hizo ni za kanta. Ukiingia kwa troti, mwendo ulio kati ya matembezi na kanta, na viunzi vikiwa vya chini, punguza: mita 5.5 hivi inatosha hatua moja. Nguzo za chini za troti ziachane mita 1.3, na nguzo ya mwisho iwe mita 2.5 hivi kabla ya kiunzi. Farasi wetu wengi hapa ni wadogo na machotara, kwa hiyo mtazame anavyopita kisha sogeza nguzo. Usimsogeze yeye kwa fimbo.

Mazoezi ya mkao huu sehemu kubwa hayahitaji kiunzi hata kimoja. Kaa kwenye mkao mwepesi kwenye matembezi, kisha troti, kisha kanta, umeshika singa, mpaka mapaja yaungue. Panda na kushuka vilima. Mufindi imejaa vilima vya bure na hakuna mwalimu bora wa kifundo cha mguu kuliko mteremko. Baadaye panga viunzi vitatu vidogo kwenye mstari mmoja, funga fundo kwenye hatamu, umpitishe farasi mikono umeinyoosha pembeni. Mguu ukiwa mbovu utajua kwenye kiunzi cha pili.

Masaisi, hili ni lenu. Huku kwetu viunzi tunatengeneza kwa mirunda ya mlingoti, yaani mkaratusi, na nimeona mahali inafungwa kwa waya au kupigiliwa misumari kwenye vigingi. Tafadhali, hapana. Nguzo lazima ianguke farasi akiigusa. Ikikataa kuanguka, anayeanguka ni farasi, na mtoto yuko chini yake. Iwekeni juu ya kishikizi kifupi, wazi upande wa kutua. Menyeni magome, lainisheni vifundo vya matawi. Msonobari ni mwepesi zaidi kuliko mlingoti mbichi, tumieni huo mkiupata. Vishikizi visivyo na nguzo vitoeni. Na ardhi: kuanzia Novemba mpaka Aprili udongo huu unateleza, Julai unakuwa mgumu kama sakafu. Siku za mvua kubwa na siku ardhi imekauka sana, msiruke. Fanyeni kazi ya mkao kwenye nyasi. Kofia ngumu ifungwe kidevuni kila mara, hata kwa nguzo iliyolala chini.

Mzazi mmoja hapa mbele ameuliza kama binti yake atashindana na wavulana. Ndiyo, mama. Katika mchezo huu wanawake na wanaume wanashindana pamoja, mpaka Olimpiki. Mwaka 1956 Pat Smythe alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyopata shaba katika kuruka viunzi, mwanamke wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huo. Farasi haulizi.

Na kijana yule ameuliza lini apandishe nguzo. Mwanangu, pandisha siku ambayo mwenzako aliyesimama pembeni atautazama mguu wako tu, kabla ya kiunzi, juu yake na baada ya kutua, na aseme haukusogea. Kama umesogea, mbaki pale pale, au mshushe.

Sasa twendeni uwanjani. Wa kwanza wafupishe vikuku, saisi akaze ukanda mara ya pili baada ya farasi kutembea. Nguzo zote ziko chini. Tutaanza kwa matembezi, mkao mwepesi, singa mkononi.