Sindano Zimekamilika, Kinga Je?

Ndugu wauguzi na maafisa tabibu, nimeombwa nizungumzie kichaa cha mbwa, nami nimechagua kona yake moja isiyozungumzwa sana: mtu aliyeng'atwa ilhali kinga ya mwili wake imedhoofika, ama kwa UKIMWI, ama kwa saratani, ama kwa dawa anazomeza ili mwili usiikatae figo aliyopandikizwa.

Virusi hivi havisafiri kwa njia ya damu. Huingia kwenye ncha za neva karibu na jeraha, kisha hupanda taratibu kuelekea uti wa mgongo na ubongo, na kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, mapema zaidi jeraha likiwa kichwani. Vikishaingia ndani ya neva ni vigumu kuvifikia, na vikishafika kwenye ubongo mgonjwa karibu hana tena pa kuponea. Kwa hiyo kingamwili, yaani protini za mwili zinazonasa virusi, lazima ziwahi. Chanjo haina kingamwili ndani yake. Chanjo huuagiza mwili uzitengeneze, na mwili dhaifu huweza kupokea agizo hilo usilitekeleze.

Mnamo Januari 2021, huko Minnesota, Marekani, mzee wa miaka 84 aliamka usiku akakuta popo mkononi mwake. Popo alipimwa, akakutwa na virusi. Mzee alipewa imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, na dozi zote nne za chanjo, na bado, takriban miezi sita baadaye, alifariki kwa kichaa cha mbwa. Baadaye ilibainika kwamba alikuwa na hitilafu ya kinga ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua. Kadi yake ya chanjo, kwa maneno mengine, ilijaa. Kingamwili za kumlinda hazikuwapo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linataka mgonjwa wa namna hii apewe chanjo kamili pamoja na imunoglobulini hata kwa mkwaruzo usiotoa damu, na hata kama aliwahi kuchanjwa, kisha damu ipimwe wiki mbili hadi nne baadaye kuona kama kingamwili zimetengenezwa. Kabla ya yote hayo jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, jambo ambalo hufanywa kwa haraka mno, nami nasema hivyo kwa kuwa nimeliona. Imunoglobulini huchomwa kuzunguka na ndani ya jeraha lenyewe. Kwenye kidole nafasi ni finyu, ngozi hutuna na kuwa nyeupe, mgonjwa hulia, na hapo mchomaji hushawishika kuhamishia dawa yote pajani. Asifanye hivyo, bali asukume polepole kiasi ambacho kidole kinaweza kuhimili.

Anayeishi na VVU, akitumia dawa vizuri na kufuatiliwa kliniki, hahesabiwi kuwa dhaifu wa kinga. Shida ni kumjua asiyetumia. Aliyeng'atwa huletwa na majirani watatu, wote wamesimama mlangoni wakisimulia habari za mbwa. Ukimuuliza mbele yao anameza dawa gani, atakujibu hamezi chochote. Watoe nje kwanza.

Wala msisubiri aogope maji, dalili ya ugonjwa huu inayojulikana zaidi. Wapo wagonjwa wanaoanza kwa kupooza, na kwa waliopandikizwa viungo utambuzi huchelewa zaidi. Huko Texas, mwaka 2004, watu wanne waliopewa viungo na mshipa wa damu kutoka kwa marehemu mmoja aliyekuwa na virusi hivi walikufa kabla ya chanzo kujulikana. Ujerumani, mwaka uliofuata, viungo vya mchangiaji mmoja viliwaua watatu kati ya waliovipokea. Aliyepewa ini alinusurika, ingawa naye alikuwa akimeza dawa zilezile za kushusha kinga: aliwahi kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa miaka mingi nyuma, wakati mwili wake ulipokuwa bado unaitika.