Kinanda Kidogo cha Nyumbani: Anza na Vidole

Assalaam alaykum. Vijana wangu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, walimu wenzangu, ahsanteni kwa kufika.

Swali nililoletewa ni hili: kijana ana kompyuta, ana programu ya kutengenezea muziki, sasa anataka kinanda kidogo cha kuchomeka kwa waya wa USB, akae nacho chumbani kwake. Anunue kipi? Jibu langu nalitoa mapema ili mnisikilize mkilijua. Tazama funguo kwanza, na namna vidole vyako vinavyozipokea. Pedi za kugonga kwa kidole, vizungushio, taa na kioo vije baadaye. Dukani mambo huenda kinyume: unaoneshwa taa, unahesabiwa vitufe, na funguo unazigusa ukishafika nyumbani, pesa zimeshatoka.

Kwa nini nasisitiza funguo? Kwa sababu kinanda hiki hakina sauti. Ni kama rimoti ya televisheni, ambayo haina picha ndani yake. Kinachopita kwenye waya ni taarifa tu: ufunguo gani umebonyezwa, kwa nguvu gani, na umeachiwa lini. Nguvu hiyo hupewa namba, kuanzia 1 mpaka 127. Sauti yenyewe, iwe piano, fidla au besi, inatoka kwenye kompyuta. Lugha ya taarifa hizo ndiyo MIDI. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko Anaheim, California, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland, na kimoja kikakipiga kingine. Kampuni hizo mbili zilikuwa zikishindana sokoni, na bado zilikubaliana lugha moja. Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013 kwa kazi hiyo, na mimi naona waliistahiki kabisa. Kwa sababu ya makubaliano yale, kinanda chochote utakachonunua leo kitazungumza na programu yoyote ya muziki uliyonayo.

Basi ukiambiwa dukani kwamba kinanda fulani kina sauti nzuri kuliko kingine, muuzaji hajakielewa anachokiuza. Unacholipia ni mguso.

Tuje kwenye ukubwa. Vinanda vidogo vingi vina funguo 25, yaani oktavu mbili, oktavu ikiwa ni duru moja ya noti 12. Akai MPK Mini ni hivyo, Arturia MiniLab ni hivyo, Novation Launchkey Mini ni hivyo. Vipo vya 32, kama Arturia KeyStep. Vipo vya 37, oktavu tatu, kama Korg microKEY-37. Halafu 49 na 61, ambavyo havikai tena kwenye mkoba wa mgongoni. Kitufe cha kupandisha na kushusha oktavu kipo karibu kwenye vyote, kwa hiyo hakuna noti usiyoweza kuifikia. Usichoweza ni kuzifikia zote kwa pamoja. Mpiga kinanda wa kwaya aliyezoea besi mkono wa kushoto na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, mkono wa kulia, mikono yake itagongana kwenye funguo 25. Atalazimika kurekodi besi peke yake, kisha arudi kurekodi kodi. Kazi itakwisha, lakini yule mtu anayetunga kwa mikono miwili atakuwa ameondolewa namna yake ya kufikiri. Huyo namwambia aanzie 49, hata kama meza itabana. Anayetunga kwa kidole kimoja kimoja, besi leo, kinubi kesho, 25 zinamtosha kwa miaka.

Zaidi ya idadi kuna upana. Kwenye piano ya kawaida oktavu moja ina takribani sentimita 16 na nusu. Funguo ndogo za vinanda hivi ni nyembamba kuliko hapo, na kila kiwanda kina kipimo chake. Mtoto na mtu mwenye vidole vyembamba hufurahi. Lakini aliyejifunza kwenye kinanda kikubwa, mkono wake unakumbuka umbali wa kuruka kutoka noti hadi noti, na kwenye funguo ndogo kumbukumbu hiyo inamwangusha kila mara. Na kama unajifunza sasa, ukitaka siku moja upige jukwaani kwenye kinanda kikubwa, nakusihi tafuta kidogo chenye funguo za upana kamili. Vipo. Nektar Impact LX25+ ina funguo 25 tu, lakini upana wake ni wa kinanda cha kawaida. Utakosa udogo wa mkobani, utapata mkono uliozoea kipimo sahihi.

Dukani fanyeni hivi, na msione haya. Bonyeza ufunguo mmoja polepole sana, halafu kwa nguvu, halafu kati. Kikiwa kimechomekwa kwenye kompyuta, sauti lazima ifuate: ndogo, kubwa, ya kati. Kama kati haipatikani, inaruka tu kutoka kunong'ona hadi kupiga kelele, nyimbo zako zote zitatoka hivyo hivyo. Kisha bonyeza ufunguo kwenye ncha yake, halafu bonyeza ndani kabisa karibu na mzizi. Kwenye funguo ndogo, ndani huwa kugumu, na kodi nyingi zinataka vidole viingie ndani, katikati ya funguo nyeusi. Hapo ndipo vinanda viwili vya bei moja vinapoachana.

Pedi zina watu wake. Wale wanaotengeneza singeli, mdundo unaopita mapigo 200 kwa dakika, wananiambia funguo hawazijali sana, wao wanagonga. Nawaelewa. Kwao MPK Mini yenye pedi nane ina mambo mawili ya maana: kitufe kinachofanya kila pigo liwe na nguvu ileile kamili, na kingine kinachorudiarudia pigo kwa kufuata kasi ya wimbo ukiwa umeshikilia pedi. Launchkey Mini ina pedi 16. Gonga zote kabla hujalipa, moja moja, kwa kidole chepesi. Pedi inayosikia nguvu tu ni adui wa ngoma.

Sasa nifike mahali ambapo sisi wa Zanzibar tuna haja yetu wenyewe, na nitakaa hapa kidogo.

Kinanda kina noti 12 kwenye oktavu, basi. Lakini maqam, yaani mpangilio wa noti, ya Rast, ambayo taarab yetu ya asili imeyapokea kutoka muziki wa Kiarabu, yana noti ya tatu na ya saba zinazokaa katikati, baina ya ufunguo mweupe na mweusi. Bayati, maqam nyingine, ina noti ya pili ya namna hiyo. Ukianza Bayati kwenye Re, ile Mi haipo kwenye kinanda chako. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anageuza vitufe vidogo vya chuma pembeni mwa nyuzi zake. Mpiga fidla na mpiga udi wanaipata kwa kidole. Wewe wa MIDI utafanyaje?

Njia ya kwanza ni gurudumu la kupinda sauti. Kwa kawaida programu huliweka lipinde nusu-toni mbili juu na mbili chini, nusu-toni ikiwa ni hatua ya ufunguo mmoja hadi wa jirani yake, kwa hiyo ile robo ya toni unayoitaka iko kwenye robo ya mwendo wa kushuka. Ugumu wake ni kwamba gurudumu linapinda noti zote za chaneli moja kwa pamoja. Ukiwa umeshika kodi, kodi nzima inateremka. Linafaa kwa mstari mmoja wa kiimbo, na linafaa sana kwa mapambo ya sauti. Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa msingi: badili uwiano wa noti ndani ya programu ya sauti yenyewe. Surge XT, ambayo ni ya bure, inapokea faili za Scala zinazopanga upya noti. Vital pia inazipokea, na ina toleo la bure. Ukishapanga, ufunguo wa Mi unatoa Mi ya Bayati kila unapoubonyeza, na gurudumu linabaki huru kwa ajili ya kutelezesha na kutetemesha, kama mpiga fidla anavyofanya.

Kwa hiyo, ukinunua kinanda kwa ajili ya taarab, tazama sana kile kifaa cha kupindia. MPK Mini ya toleo la pili na la tatu ina kijiti kidogo. MiniLab na Launchkey Mini zina mikanda ya kugusa kwa kidole. Korg nanoKEY2 ina vitufe tu, kimoja cha kupanda na kimoja cha kushuka, na kwa kazi hii sikushaurini. microKEY-37 na Impact LX25+ zina magurudumu ya kweli, yanayorudi yenyewe katikati ukiyaachia. Mkono unalihisi gurudumu, unajua umefika wapi bila kutazama. Mwimbaji wa taarab akikusikia umeikosa ile noti kwa unywele, atageuka kukutazama. Nunueni gurudumu.

Kuna mama hapa mbele ameniuliza kama ni lazima kununua kabisa, kwa kuwa nyumbani wana Yamaha ya zamani ya mwanawe. Mama, swali lako limetangulia mhadhara wangu. Geuza kinanda hicho, tazama nyuma. Ukiona tundu limeandikwa USB TO HOST, hicho ni kinanda cha MIDI tayari, kwa waya wa kawaida wa printa. Na kama kuna matundu mawili ya mviringo yenye pini tano, vilevile kitafaa, kwa kununua waya wa kuyaunganisha na USB. Funguo 61, za upana kamili. Hakuna sababu ya kutoa pesa kwa 25 ndogo mpaka utakapohitaji kusafiri nazo.

Wengi wenu hamna kompyuta, mna simu. Android kuanzia toleo la 6, la mwaka 2015, inaelewa MIDI kwa USB. Unahitaji waya wa OTG, ule wa kuchomekea kifaa cha USB kwenye simu, na kinanda kisichodai programu yake maalumu ili kifanye kazi. Vingi ninavyovitaja hapa havidai. Kinanda kinakula umeme wa simu, kwa hiyo simu itaishiwa chaji mapema. Kwa upande mwingine, umeme ukikatika mtaani, wewe unaendelea kupiga.

Jambo la mwisho ni kuchelewa kwa sauti, kwa sababu vinanda vingi vizuri hulaumiwa kwa kosa hili, na kosa ni la kompyuta. Unabonyeza, sauti inakuja baadaye. Fungua mipangilio ya sauti ya programu yako, tafuta bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa. Ikiwa 1024, sauti inachelewa karibu milisekunde 23. Ikiwa 128, karibu 3. Kwa wimbo wa mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 62 hivi, basi 23 ni zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo. Singeli haiwezi kukaa sawa hapo. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, programu ndogo inayopitisha sauti haraka, shusha bafa mpaka sauti ianze kukatika, kisha ipandishe hatua moja. Fanya hivyo kabla hujarudisha kinanda dukani.

Ukinunua kilichotumika, njoo na kompyuta yako au simu na waya wako. Bonyeza kila ufunguo, usiruke hata mmoja, na utikise tundu la USB taratibu huku ukipiga. Tundu lililolegea linaweza kukiua kinanda kabla ya kitu kingine chochote. Muulize pia mwenyewe kama namba za programu zilizokuja na kinanda zimeshatumika. Arturia, kwa mfano, hutoa Analog Lab pamoja na MiniLab, na sauti zake ni hazina kwa anayeanza, lakini zikishaandikishwa kwa jina la mtu mwingine huzipati tu kwa kununua kinanda chake.

Vinanda vitatu viko mezani hapa, kimoja kina gurudumu, kimoja kijiti, kimoja mkanda wa kugusa. Kompyuta imeshapangwa kwa Bayati kutoka Re. Watoto waanze, kisha wakubwa. Mwenye swali aje nalo akiwa mkono uko kwenye funguo.