Taa ya dola 100 na gunia la makala

Ndugu na dada zangu, ba papa na ba mama, jambo kwenu nyote. Asanteni kwa kufika. Nimefurahi kuona baiskeli nyingi zimeegemezwa pale ukutani, maana mazungumzo ya leo ni ya watu wanaoendesha gizani.

Swali nililopewa ni hili: taa ya baiskeli ya dola 100 inastahili bei yake, au ile ya dola tano ya soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, inatosha? Jibu langu nalitoa sasa hivi. Kwa wengi wetu hapa Lubumbashi, taa ya mbele ya dola 100 si ya lazima. Ile ya dola tano nayo mara nyingi ni hasara. Na fedha ya kwanza utakayoipata, hata iwe kidogo namna gani, iende nyuma ya baiskeli kabla ya mbele.

Chukueni barabara ya Kasumbalesa usiku, na yale malori ya shaba. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Dereva akiwasha taa za chini, anaona mita 40, pengine 60. Ukiwa huna kitu chochote kinachong'aa nyuma, anakugundua zikiwa zimebaki sekunde mbili au tatu tu, na lori lenye mzigo halisimami katika sekunde hizo. Taa nyekundu ndogo, hata ya lumeni 20 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa), ataiona tangu mita mia kadhaa. Hapo ana muda wa kukukwepa. Taa hiyo haidai dola 100. Inadai kuwaka kila usiku, basi.

Sasa niseme juu ya wabeba makala, yaani mkaa, kwa sababu jambo hili linaniuma. Mtu anatoka upande wa Kasenga usiku, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili, matatu, ili alfajiri awe mjini. Tazameni baiskeli ile kwa nyuma. Kioo chekundu kipo, kiwanda kilikiweka juu ya gurudumu. Lakini gunia limekifunika chote! Hata ukimnunulia taa ya nyuma ya bei kubwa, ukiifunga chini ya kiti itaangaza makala. Taa ya mtu huyu ifungwe juu ya gunia la mwisho, upande wa barabara. Na aongeze utepe wa kuakisi, ule wa rangi nyekundu na nyeupe wanaobandika kwenye matrela. Utepe huo haushiki kwenye gunia, vumbi la makala linaukataa. Ubandikeni kwenye kipande cha ubao au cha ndoo iliyovunjika, mtoboe matundu mawili, kisha mkifunge kwa mpira ule ule wa chubu unaokaza mzigo. Kipande kingine afunge kwenye kifundo cha mguu. Kitu kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa hatua, jicho la dereva linatambua mara moja kwamba huyu ni mtu.

Lakini utepe hauna mwanga wake wenyewe. Lori likija na taa mbovu, hauonekani. Kwa hiyo taa ndogo nyekundu na utepe viende pamoja.

Turudi kwenye taa ya mbele, kwenye namba za sanduku lake. Utakuta wameandika lumeni 10,000, na ndani kuna betri moja ya duara, ile ya milimita 18 kwa 65. Pigeni hesabu nami. Taa nzuri ya LED inatoa karibu lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zingedai wati 100. Betri moja ya namna hiyo, ikiwa nzuri kabisa, ina wati-saa 12 au 13, yaani inatoa wati 12 au 13 kwa saa moja. Ingeisha kabla ya dakika nane, na taa ingekuunguza vidole. Hata betri yenyewe ikiandikwa 9,900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba, msiamini: zilizo bora za ukubwa huo zinafika kama 3,500. Taa inayosema kweli na kuandika lumeni 1,000 kwa betri moja itadumu saa moja hivi kwa nguvu zote. Anayekuandikia hivyo ni muuzaji wa kusikilizwa.

Na je, tunahitaji lumeni ngapi? Kwa kilomita 20 kwa saa, ukiona shimo, sekunde moja na nusu inapita kabla mkono haujabana breki. Umeshakwenda mita nane. Breki zinakula tano nyingine. Ukiangaziwa vizuri mita 20 au 25 mbele yako, unasimama, na kwa mwendo huo lumeni 200 hadi 300 zinafanya kazi hiyo. Ukishuka kwa kilomita 35, au lami ikiwa imelowa, hesabu inabadilika kabisa, na hapo ndipo taa ya bei inaanza kudai haki yake.

Kinachonishawishi zaidi kuliko nguvu ni umbo la mwanga. Lumeni zinahesabu mwanga wote, hata unaopotea kwenye matawi ya miembe. Ujerumani sheria inapima luksi, yaani mwanga unaofika pale barabarani: angalau 10 kwa umbali wa mita 10, na juu ukatwe usimpofushe anayekuja. Taa ya namna hiyo, hata ikiwa na lumeni chache, inakuonyesha njia kuliko tochi kali ya duara. Tena ifungeni chini, karibu na gurudumu la mbele. Mwanga ukitoka chini, shimo linatupa kivuli kirefu na unaliona mapema. Ukivaa taa kichwani peke yake, kivuli kinajificha nyuma ya shimo lenyewe, na njia yote inaonekana tambarare.

Kitu kingine ambacho fedha inanunua ni uaminifu wa mwanga. Taa rahisi inafifia kidogo kidogo betri inavyoshuka, na jicho lako linazoea, hujui kama umebaki na robo. Nzuri inashika kiwango kile kile, kisha inakuonya. Halafu kuna vumbi letu jekundu la kiangazi. Alama ya IP kwenye taa inasema inavyokinga vumbi na maji. Mkiona IPX4, ile X inamaanisha vumbi halikupimwa. IP67 ndiyo imefungwa: vumbi haliingii, na inavumilia nusu saa ndani ya maji ya mita moja. Angalieni pia kale kampira kanakofunika tundu la chaji, ndiko kanakokatika kwanza.

Wazee wenye dinamo ya chupa, ile inayozungushwa na gurudumu, msiitupe. Inatoa wati tatu bila kuomba chaji kwa mtu, na mtaa wetu ukikaa siku mbili bila umeme mtaikumbuka. Ondoeni balbu ya zamani, wekeni taa ya LED ya dinamo, mwanga utazidi mara kadhaa. Kwa anayesukuma kwa miguu haimsaidii, gurudumu linazunguka polepole mno.

Basi mlinzi anayetoka Ruashi kwenda mjini kila jioni, mimi ningemshauri dola 25 au 30 kwa taa ya mbele inayosema kweli, na taa mbili nyekundu ndogo nyuma, moja ikizimika nyingine ibaki. Vijana wa mashindano wanaotoka saa kumi alfajiri kuelekea Likasi kwa mwendo mkali, hao wanunue ya dola 100, na nawaomba wasione uchungu.

Mama pale nyuma ameniuliza kuhusu taa ya kumweka-mweka. Mama, inavuta jicho, ni kweli, lakini dereva anashindwa kupima umbali. Ujerumani hawairuhusu kwenye baiskeli. Ukiwa na mbili, moja imweke, nyingine itulie. Ukiwa na moja, itulie.

Sasa zimeni taa za ukumbi. Kila mwenye taa yake aje hapa mbele, asimame mita tano kutoka ukutani, awashe. Tutatazama umbo la mwanga wa kila moja, na pale ambapo juu hapakatwi, tutaiinamisha hapa hapa.