Kujaribu Mafuta Mazito kwa Ngozi Iliyobabuka

Karibuni watazamaji. Leo tunajaribu mafuta mazito ya kupaka, yale yanayotengenezwa kurudisha kinga ya ngozi, yaani ule ukuta wake wa juu. Kama uso wako unakaza ukishaosha, umepauka, unabanduka magamba, na hata losheni uliyoizoea sasa inachonyota, kaa nami.

Kabla hatujafungua kopo, ligeuze tusome nyuma. Tafuta seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hizo ndizo zinazojaza nafasi kati ya chembe za tabaka la juu la ngozi na kuzuia maji yasipotee. Mafuta ya mgando ya kawaida nayo yakiwemo, vizuri sana. Usiyadharau kwa kuwa kila mtu anayajua. Kwa kuzuia maji yasitoke, hayana mpinzani. Manukato mimi siyataki kabisa. Na angalia, kopo lililoandikwa "halina harufu" linaweza kuwa limetiwa manukato ya kufunika harufu nyingine. Chagua linalosema "halina manukato".

Sasa jaribio lenyewe, na hatuanzi usoni. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, palepale mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Muda ni mrefu, najua, lakini mzio wa ngozi mara nyingi huchelewa kujitokeza. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka vipele, osha na uache. Ngozi yako ikiwa nyeusi usisubiri kuona wekundu: angalia kama pamekuwa peusi zaidi au pana rangi ya zambarau, kisha papapase.

Pako salama? Haya, twende usoni. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Gusisha taulo tu, usisugue, na uache uso na unyevunyevu. Hapa ndipo wengi wanapokosea! Mafuta haya hayaleti maji, yanafungia yale yaliyopo. Ngozi ikiwa imekauka kabisa, yatafungia nini?

Tazama kidole changu: kiasi cha punje ya njegere, basi. Sasa hivi kimeganda, hakina mng'ao. Nakifikicha kati ya vidole viwili... umeona? Kimelainika, kinateleza, kinapitisha mwanga. Nabonyeza, sivuti. Mashavu kwanza, pembeni mwa pua, kidevu. Paji la uso, kama huwa lina mafuta, liguse tu. Usiku ndio wakati wake. Asubuhi paka kidogo zaidi, kisha losheni ya kukinga jua.

Muda wote huu retinoli (vitamini A ya kupaka), seramu za asidi za kubandua ngozi na skrabu ziweke kabatini. Hapo sina mjadala, maana huwezi kujenga ukuta huku unaubomoa. Tabaka la juu hujibadilisha kwa takriban wiki 4, kwa hiyo hata kuchonyota kukiisha mapema, usizirudishe haraka.

Jambo moja la usalama ambalo halisemwi vya kutosha: mafuta yenye parafini, yakiwemo yale ya mgando, yakiingia kwenye nguo, foronya au shuka, kitambaa hushika moto upesi, na kufua hakuyatoi yote. Kaa mbali na mshumaa, jiko na sigara.

Na ukiona ngozi inatoa majimaji, ina ukoko wa manjano, inauma, au umepata homa, acha kupaka. Muone daktari wa ngozi.